Itatajwa Tena

Kazi yangu ni kinywa.
Nasimama kati ya kizimba na meza ya jaji,
Milimani, ghorofa ya tatu.
Neno la Kikamba huingia sikioni likiwa na mwili,
hutoka ulimini limevaa tai.

Syombua Mutinda, wa Njiru, muuza mitumba,
aliapa, kisha akasema:
kifua changu ni gunia lililoshonwa
makaa yangali mekundu ndani.
Nikatafsiri: shahidi anapata shida ya kupumua.
Jaji akaandika.
Nikaona aibu ndogo,
ya mtu aliyepunja kilo ya unga.

Tanuri lenyewe liko ng'ambo ya mto.
Huchoma kuni mbichi kwanza, halafu matairi,
halafu kile ambacho wakili wao anakiita nishati mbadala
na Syombua anakiita, kwa ufupi, viatu.

Amri ya kwanza ilitoka Februari:
kipimo kitundikwe kwenye nguzo,
ripoti iletwe kila siku thelathini,
jicho la mahakama lisiondoke pale.
Tulipiga makofi kimoyomoyo.
Lakini jicho lile lina saa za kazi,
hufumba saa kumi na moja jioni,
na tanuri huwashwa saa saba za usiku.

Machi, ripoti: umeme ulikatika.
Aprili: kipimo kiliibwa, kikarudi, betri hazikurudi.
Mei tukaenda wenyewe,
jaji na buti za mpira, karani na faili,
mimi na kinywa changu.
Ua limefagiwa. Bomba limepakwa chokaa.
Kuku mweupe, mweupe hasa,
akapita mbele yetu polepole
kana kwamba amekodiwa.

Juni Syombua alikuja na mfuko.
Shuka moja, ameichana vipande thelathini,
kila usiku kipande kimoja juu ya paa,
kila kipande na tarehe, kwa kalamu ya mwanawe.
Akavitandaza mezani.
Kijivu. Kijivu. Kahawia.
Cha Ijumaa, kitako cha sufuria ya matanga.
Cheupe kilikuwa kimoja tu:
cha siku ile tuliyozuru.

Wakili akasimama: Mheshimiwa, hivi si vipimo, ni matambara.
Jaji akainua kimoja, akakinusa.
Miaka kumi na tisa kazini,
sijawahi kuona jaji akinusa ushahidi.

Ndipo Etyang', mchomaji, akainuka kutoka benchi la nyuma
bila kuitwa na mtu:
Mkizima, karo naitoa wapi?
Kifua changu pia kimeziba,
lakini kimezibia mshahara ndani.
Hayo sikuyatafsiri. Aliyasema kwa Kiswahili
na feni ikaendelea kuzunguka.

(Nyumba ya Syombua, nilikuja kujua,
imejengwa kwa matofali yao,
yale yaliyopinda, ya bei ya kutupa.
Hakuulizwa. Hakusema.)

Uamuzi: moto wa usiku marufuku.
Tanuri la kisasa ndani ya siku tisini.
Mchomaji asifukuzwe kwa kusema.
Matambara yapewe namba, yahifadhiwe.
Kesi itatajwa tena tarehe kumi na nne.

Itatajwa. Neno hili nimelisema mara elfu
na jana tu likanikwama.
Kwetu mtu akitajwa, huitika.
Moshi tumeutaja Machi, Aprili, Mei, Juni,
umekaa kimya juu ya paa za watu
kama mdaiwa anayejua
hamna askari wa kutosha.

Usiku, nyumbani kwangu Saika,
upande uleule wa upepo,
niliandika 14 kwenye kioo cha dirisha, kwa kidole,
nisije nikasahau.
Asubuhi nne ilikuwa imefifia,
moja haionekani kabisa.

Nikapitisha kidole palepale.