Kitabu cha Kumi na Tisa

Januari nilijiwekea nadhiri, nikaiandika
kwenye daftari la mistari kwa kalamu nyekundu:
vitabu arobaini kabla mwaka haujageuka,
vyote nivisomee njiani, hakuna cha kitandani.
Mdogo wangu Shekiondo akacheka simuni:
"Arobaini? Unasoma, au umefiwa?"

Kazi yangu ni kubeba maneno ya watu.
Leo mahakamani Bradford, kesho kliniki ya Carlisle.
Daktari husema, nami husema alichosema;
mgonjwa hulia, nami hukitafutia kilio neno.
Jioni ulimi umelika kama soli.
Ndipo ndani ya treni nikataka maneno
yasiyonihitaji,
yanayoijua njia yenyewe.

Basi nikasoma.
Cha kwanza nilikimalizia Skipton, mvua ikichapa kioo.
Cha tatu nilikivumilia tu, kama mgeni
aliyepewa jembe siku ya tatu akaliegemeza ukutani.
Cha saba nilikiokota duka la mitumba, pauni moja na nusu,
pembeni mtu ameandika kwa penseli: *Muongo huyu.*
Kurasa tisini mbele, mwandiko uleule: *Namsamehe.*
Tangu hapo nikawa namsoma yeye, si kitabu,
mpaka penseli ikanyamaza, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Sijui alichoka,
au alifika kituo chake.

Kufika Mei nilikuwa najidanganya.
Nachagua vyembamba. Naruka maelezo ya milima
ilhali milima yenyewe ipo dirishani,
kondoo wamepakwa buluu mgongoni,
kuta za mawe makavu zinapanda bila kupumua,
nami nahesabu kurasa
kama mtu aliyealikwa karamuni
akawa anahesabu matonge.

Cha kumi na tisa kilikuwa kinene. Mwanamke
anatunza mizinga ya mume aliyemtoroka.
Nilikuwa ukurasa wa sitini na moja
Alhamisi ile, kliniki ya wajawazito.
Mashine imeharibika, tukaambiwa tungoje.
Nsimire wa Bukavu, mimba ya miezi minane,
akakiona kikichungulia mkobani:
"Hiki kitabu kinasema nini?"

Kanuni ya kazi: na mteja, usizungumze ya kwako.
Nikatazama mlango.
Haya si ya kwangu, nikajiambia. Nikafungua.

Nikamsomea kwa Kiswahili, papo kwa papo,
mzinga, moshi, nyuki walinzi.
Kuna ua la vilimani kwao sina jina lake;
nikasema *lile la zambarau*, akaitikia kwa kichwa
kana kwamba alilichuma jana.
"Kisha? Ikakuwaje? Bwana alirudi?"
Sijui, nikasema. Sijafika huko.
"Ehe. Basi twende pamoja."

Kurasa kumi na moja kwa saa nzima.
Mwendo wa konokono, na kila neno nililigusa,
nikaligeuza kama mtu anayechagua nyanya,
nikamkabidhi lililoiva.
Jina lake likaitwa, likakosewa, tukaelewana.
Akainuka, mkono kiunoni:
"Usimalize bila mimi."

Sasa ni Desemba. Daftari linasema kumi na nane,
na mstari unaofuata una jina tu, bila tarehe.
Shekiondo ameshajitangazia ushindi.
Nsimire walimhamishia mji mwingine;
nimesikia ni mtoto wa kike.
Namba yake sina, na kanuni hainiruhusu kuitafuta.

Treni inapita Dent, theluji imeketi juu ya viti vya kituo
mahali pa abiria ambao hawapo.
Nakitoa. Tiketi ya siku ile ingali ndani,
ukurasa wa sabini na mbili.
Nasoma sentensi moja, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili.
Bwana wa kiti cha mbele anashusha gazeti, ananitazama.
Nafunga.

Nyuki wamo mzingani. Mume bado hajarudi.