Chupa ya Phuwin

Mvua ya kwanza ilitwanga milima ya chokaa usiku kucha.
Asubuhi, upande wa pili wa pango,
kule inakosongamana michikichi-mwitu
hata mchana ukaomba taa,
walitoka.

Wa waridi.
Si waridi la ua lililochoka mezani:
waridi la rangi ya kucha, la ndoo ya plastiki,
la peremende inayompaka mtoto ulimi.
Migongo ya miiba, miguu isiyokubali kuhesabiwa,
walitambaa juu ya majani yaliyooza, peupe,
bila kujificha, bila haraka,
kama wadai wanaoijua nyumba ya mdaiwa.

Bibi Lamyai, akodishaye tochi mlangoni pa pango,
aliinama, akanusa, akakunja uso.
"Muhogo," akasema. "Muhogo mchungu,
ule uliomenywa sasa hivi."
Miaka arubaini amelima muhogo hapa Lan Sak,
amezika ndama wawili kwa maganda yake;
haambiwi na mtu sumu inanukaje.

Lakini Phuwin ana miaka saba,
na miaka saba haina pua, ina macho tu.
Akamtia mmoja katika chupa ya pilipili,
akampa jani,
akampa panzi wa kuzungumza naye,
akakaza kizibo kwa nguvu zake zote
wasije wakapata baridi.

Kulipokucha panzi yu chali.
Na jongoo pia,
amejiviringa, rangi haijapungua hata chembe,
ameuawa na silaha yake mwenyewe
katika hewa aliyofungiwa nayo.

Mtoto hakulia. Aliuliza:
"Si sumu ni yake? Mbona imemdhuru?"

Bibi alifungua mdomo.
Akamwona dada yake Bunsri ng'ambo ya ua,
akianika nguo, mgongo amewapa wao:
miaka kumi na mmoja bila salamu
kwa ajili ya matuta matatu ya muhogo.
Akaufunga.

Mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Yeye alitupa jongoo, akatupa na panzi,
chupa akaiosha mara tatu kwa jivu,
maana chupa hununuliwa.

Jioni ilikuwa juu ya nguzo ya ua, mpakani hasa,
tupu, mdomo wazi,
ikipigwa na upepo ikitoa sauti ndogo.
Kizibo kilikuwa mfukoni mwa bibi.
Phuwin alikitafuta hadi giza,
naye bibi akamsaidia kutafuta.