Tangi la Orrin

Ka-chak. Sekunde nne. Ka-chak.
Swichi ya pampu hailali, na Arlys yu macho.
Januari, Minnesota; theluji imefika dirishani,
fundi wa kisima yuko ng'ambo ya barabara iliyofungwa.

Akashuka chini ya nyumba na tochi ya marehemu
na geji ya kupimia upepo wa matairi.
Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole,
kama mgeni asiye na hakika na mlango:
chini, ndi. Katikati, ndi.
Juu, palipopaswa kulia utupu,
ndi.

Akabonyeza vali ya upepo.
Likamtemea maji usoni.

"Mpira umepasuka," akasema kwa sauti,
sentensi yake ya kwanza tangu Jumapili.

Orrin angebisha. Angesema ni swichi,
angeikwangua kwa msasa, angeitukana kwa Kinorwei,
mwisho angenunua nyingine, na ka-chak ingeendelea.

Akazima umeme. Akakumbuka hajakinga maji.
Akawasha, akajaza ndoo tatu na birika,
akazima tena.

Kikaja kimya,
kile kile alichokikimbia tangu Novemba.
Safari hii
akavuta blanketi, akakilalia.