Alama ya Chaki

Kahindi amelihamisha mara tatu
lile gurudumu dogo la kusawazisha pua:
karibu na goti, likamchubua;
nyuma ya kiti, bega likalia;
kando ya komeo la mlango —
hapana, hapo mtu hujifungulia kifo.

Mbodze akaacha cherehani,
akaja na chaki yake ya vitambaa.
"Fumba macho. Ndege yainamisha kichwa,
mkono wa kulia umeshika usukani.
Wa kushoto je?"

Ukashuka wenyewe,
ukatua ubavuni, kiganja wazi,
kama wake yeye unavyolipata gurudumu la cherehani
gizani, umeme wa Malindi ukipotea.

Akachora duara kwenye plaiwudi.

Injini bado haijanunuliwa.
Kesho watatoboa.