Kubisha

Nilibisha hodi Jumamosi, mvua ikipiga bati,
nimevaa viatu vya kazini, mkononi mfuko wa mikate,
maana mama alinikataza kwenda kwa watu mikono mitupu.
Hakuna aliyeuliza nimeletwa na nani.
Ondina akanirushia jaketi la kujiokolea, linanuka moshi:
"Miaka arobaini na tisa? Afadhali.
Hawa wa miaka tisa hawanisikilizi."

Valdivia mvua si mgeni,
ni mpangaji asiyelipa kodi.
Mto ni mpana, rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni,
na chini ya soko la samaki simba-bahari wanakoroma
kama wajumbe wa kamati baada ya chakula.

Nikapewa namba kumi na saba. Mita nne, kiraka ubavuni,
jina limefutika, zimebaki herufi mbili: Lu.
Lucía? Lunes? Luto? Kila mtu ana hadithi yake.
"Hii kana. Ukiivuta kwako, omo inaukimbia upepo.
Ukiisukuma, inakwenda kuutazama usoni.
Na hii demani: ukiogopa, iachie.
Somo ndilo hilo. Mengine ni kuloa."

Mimi ni mhasibu wa duka la dawa.
Nimezoea safu kushuka wima hadi kwenye jumla.
Sasa naambiwa: boya lile pale,
upepo unatoka pale pale,
kwa hiyo moja kwa moja hufiki.
Bisha.
Kombo kushoto, geuza, kombo kulia,
kama mdeni anayemkwepa mdai wake
na wote wanakaa mtaa mmoja.

Honi. Bendera ikashuka.
Wenzangu kumi na sita wakaondoka kama kundi la njiwa,
mimi nikabaki natazama mgongo wa njiwa wa mwisho,
tanga likipepea, likinipigia makofi ya kejeli.
Kwenye boya la pili nilikuwa nimeanza kutabasamu.
Ndipo nikapinduka.

Baridi ya mto ule haina adabu.
Inaingia kwapani bila hodi.
Don Hardy akaja na boti ya injini, akaizima,
akakaa mbali kidogo, akafungua chupa ya chai,
hakunyoosha mkono.
"Panda juu ya ubao wa katikati. Egemea nyuma. Ngoja."
Nikangoja. Mlingoti ukatoka majini
polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake darasani.

Nilipofika, wengine walikwisha kukunja matanga.
Lakini boti ya waamuzi ilikuwa bado imetia nanga,
mwanamke mmoja chini ya mwavuli uliovunjika ubavu,
saa mkononi, kalamu mdomoni.
Akanipigia honi ile ile,
ndefu vile vile.
Nilidhani amekosea. Nikageuka kutazama nani yuko nyuma yangu.

Chumbani, jiko la kuni, soksi zimeanikwa kwenye kiti.
Mikate yangu imeliwa nusu bila mimi.
Eliecer, miaka kumi na minne, mshindi,
akanijia na kijiko na kipande cha mkate:
"Kabla ya boya la kwanza ulinizibia njia.
Kijiko mimi, mkate wewe."
Kimya. Wote wakasogea.

Niliikumbuka ile nukta. Maji, kelele, mkono gani.
"Upepo ulikuwa kulia kwangu," nikasema,
nikausogeza mkate mbele ya kijiko,
"njia ilikuwa yangu."
Na mikono bado ikitetemeka,
nikabisha.