Kisanduku cha Jina la Ukoo

Chumba kiko chini ya ngazi, wizarani Vientiane,
pale zamani zilipowekwa bendera na viti vilivyovunjika.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.
Mashine nne nyeusi, kila moja na namba ya mali ya serikali,
kama dawati, kama toroli la mtunza bustani.
Mhasibu Vilayphone alipofika kwenye safu ya thamani
alinyanyua kalamu: programu yenyewe mliinunua bei gani?
Bure, nikamwambia.
Akaandika sifuri, akaikodolea macho,
akaniuliza kitu cha sifuri hulindwaje.

Miaka kumi na mmoja tulihesabu watoto wetu
kwa mashine ya watu.
Ilikaa ng'ambo, mji nisioujua hata kwa picha,
na ufunguo alikuwa nao mwenye mkataba.
Tukitaka idadi ya wasichana wa Phongsaly
tulituma ombi, tukangoja.
Safari moja jibu lilikuja mvua zimekwisha:
ombi lenu halimo katika kifurushi mlicholipia.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Sisi tulikaa nayo, uchi wenye adabu,
tukiandika barua za shukrani.

Mwalimu Bounthavy, kule juu ya Muang Khua,
anafundisha watoto wa Kikhmu.
Wengi wana jina moja tu, fupi kama kokoto:
Un. Yong. Phan.
Mfumo ulidai jina la ukoo,
kisanduku chenye nyota nyekundu;
bila hicho mtoto hapiti.
Basi akawapa wote jina la kijiji.
Phan walikuwa saba.
Mwaka uliofuata mfumo ukaona marudio,
ukafuta sita, kwa usafi.
Boti ikapanda mto na kitabu kimoja cha hesabu.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
hilo tunalijua.
Daftari likiwa la mwingine
mali hupotea ikiwa na risiti.

Msimbo tulioupata baadaye umeandikwa na watu wengi
wasiofahamiana, na umeachwa mlango wazi:
chukua, badili, rudisha ulichotengeneza.
Nilidhani kupewa ni kumiliki.
Halafu usiku mmoja, kwa amri ya maneno matatu,
nikaufuta mkoa mzima wa Attapeu.
Shule, walimu, vyoo, madawati. Kimya.
Nikashika simu.
Nikakumbuka hakuna wa kumpigia.
Nilikaa sakafuni hadi jogoo wa jirani,
nikirudisha nakala ya Jumanne faili kwa faili,
na asubuhi Attapeu ikaenda shule
bila kujua kwamba ilikuwa haipo.

Ile nyota nyekundu niliiondoa siku ya Alhamisi.
Mstari mmoja. Palipoandikwa *lazima: ndiyo*
nikaandika *hapana*.
Dakika mbili, nazo nilizimaliza nikisoma upya.
Kisha nikatoka nje, nikanunua kahawa,
nikashindwa kuinywa.

Mwezi wa pili nilipanda hadi kwa Bounthavy.
Phan wote saba walisimama mstari nikawaona:
mmoja ana pengo, wawili ni pacha wa mtu na shangazi yake,
mmoja hakutaka kunitazama.
Mama wa huyo alikuwa akichambua iliki.
Akauliza jina la mwanangu sasa liko wapi.
Chini ya ngazi, nikamwambia. Kwetu.
Nani ana ufunguo?
Serikali.
Akaendelea kuchambua.
Na serikali ikitaka kumtafuta, itamwona upesi?
Nikasema ndiyo, kwa fahari,
na neno lilipokwisha kutoka
nikalisikia lilivyosikika kwake.

Niliporudi ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni.
Ndoo haimo katika hati yoyote ya makabidhiano.
Nikaishika kwa mikono miwili,
polepole, nisimwagie mashine,
nikaenda kuimwaga.