Waliita Thackray

Muuguzi aliita Thackray,
tukasimama watatu.

Mmoja bibi wa mkongojo, koti lake la mvua lingali likichuruzika;
mmoja kijana, mkono umefungwa bendeji;
na mimi, Mize binti Faki,
mkobani nina andazi nililofunga kwa leso.
Tukatazamana kama abiria waliouziwa kiti kimoja.

Hapa Otley jina hili limejaa.
Maktaba wamelitengea ukuta:
Josiah Thackray, meya, aliyechimbisha mifereji ya maji machafu,
ndevu zimefika kifungo cha tatu.
Edith, daktari wa ng'ombe, anacheka, ametota hadi viwikoni.
Wilfred, aliyepiga mpira wa kriketi
ukavunja kioo cha kanisa, kasisi yu katikati ya dua.
Na Ezra, aliyeiba mabata bukini wawili
wakampakia merikebuni hadi Australia.
Nikamuuliza msimamizi, na huyu je?
Akasema, umaarufu ni umaarufu, mama.

Desmond wangu hayupo ukutani.
Miaka thelathini na mmoja alitengeneza breki za mabasi;
hakuna basi lake lililokataa kusimama.
Hilo halichongewi kibao.
Jina alinipa mbele ya karani, Jumanne ya mvua ya mawe,
nikalivaa kama koti la mtumba: mikono mirefu.
Nikaikunja.

Maana yake aliniambia wiki ile ya mwisho:
pembe ya nyasi za kuezekea.
Nikacheka hadi akauliza kulikoni.
Baba yangu Faki alikuwa mwezekaji,
hashuki paani kabla ya adhuhuri,
makuti mia sita nyumba moja.
Ningejua, Desmond, nisingegombana na tahajia.

Tarehe ya kuzaliwa? akauliza muuguzi.
Bibi akataja yake. Kijana yake.
Mimi nikataja ile niliyopewa na afisa wa uhamiaji,
mosi Januari,
siku tuliyozaliwa sote tusioandikwa.

Ikawa zamu ya bibi.
Akanishikisha mkongojo avue koti,
koti likanimwagia maji viatuni.
Samahani, kipenzi, akasema.

Kwetu mwenye jina lako ni somo yako;
humwiti kwa jina, ungekuwa unajiita mwenyewe.
Nikalitafutia Kiingereza neno hilo,
sikukipata.
Nikampa andazi.